Kukata data mahali palipo na pengo: mwongozo kwa wanaopima maji Lamu

Kinasa data kilichofungwa kwenye nguzo ya jeti (gati) Lamu, au kilichoning'inizwa ndani ya kisima Shela, kinatakiwa kuandika kina cha maji kila dakika 10, mchana na usiku. Mwaka hauishi bila kukosa. Betri huisha, kumbukumbu hujaa, mtu hukitoa majini ili apakue faili, kebo hukatika kusi ikivuma kwa nguvu. Faili linalotoka huwa na mapengo, na wengi hulifanyia hesabu lote kwa pamoja kana kwamba limeandikwa mfululizo.

Programu haitakuonya. Itachukua rekodi ya mwisho ya tarehe 3 na ya kwanza ya tarehe 19 na kuziunganisha kwa mstari ulionyooka. Itatoa wastani unaochanganya maji ya bamvua (yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Itakuambia kina kimepanda mita moja na nusu "kwa dakika 10" wakati siku 16 zimepita katikati. Kwa hiyo kata kwanza, hesabu baadaye. Kila sehemu isiyo na pengo ipewe namba yake, iwe kipande kinachojitegemea, na hesabu yoyote ibaki ndani ya kipande chake.

Asiye na kinasa anaweza kujifunzia data za kituo cha Lamu za kina cha bahari kwa kila saa, zinazotolewa bure na Chuo Kikuu cha Hawaii. Zina mapengo ya kweli ya kutosha.

Kabla ya yote, saa

Nakili faili asilia, liweke kwenye folda ambayo huigusi tena, fanya kazi kwenye nakala. Halafu shughulika na saa, kwa sababu mapengo mengi ya uongo yanatoka hapo.

Chagua saa moja kwa data zote. Lamu iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa) mwaka mzima, na hatubadilishi saa kwa misimu, hivyo hesabu ni nyepesi: data za Hawaii zimeandikwa kwa UTC, ongeza saa 3. Kinasa chako kinafuata saa ya kompyuta iliyokiwasha, na kama kompyuta hiyo ilikuwa imeachwa kwenye saa za nchi nyingine, faili zima limehama. Ukiunganisha faili la namna hiyo na linalofuata, utaona pengo la saa kadhaa, au utaona wakati ukirudi nyuma.

Daftari la mkono lina mitego yake. Anayesoma kipimo kisimani ataandika "saa 2" akimaanisha 08:00. Mwingine, aliyezoea saa ya simu, ataandika "saa 8" kwa wakati uleule, na saa 8 ya mwenzake ni 14:00. Muulize kila mwandishi, andika jibu lake juu ya ukurasa, kisha geuza zote ziwe saa 24. Siku nayo ina mambo. Kwa wengi hapa siku mpya huanza jua likitua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi baada ya magharibi. Ukiuingiza kwenye kompyuta kama Ijumaa, umesogeza rekodi kwa saa 24 nzima: pengo la siku moja upande mmoja, marudio upande wa pili.

Tarehe ziandikwe mwaka kwanza: 2024-07-04 08:10. Ukiacha 04/07/2024, lahajedwali (kama Excel) iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itasoma tarehe 7 Aprili. Mbaya zaidi ni kwamba itageuza zile tu ambazo siku yake haizidi 12, na kuanzia tarehe 13 itaziacha kama maandishi matupu. Dalili yake huonekana kwa macho: ndani ya safu moja baadhi ya tarehe zimeegemea kulia na nyingine kushoto.

Saa ya kinasa pia hukimbia au huchelewa. Dakika moja kwa mwezi ni jambo la kawaida. Bamvua linapopanda kwa kasi, dakika moja ni zaidi ya sentimita moja ya maji, basi kinasa kilichokaa miezi sita kinaweza kukudanganya kwa sentimita 7 au 8. Kila unapokitoa, andika saa ya kinasa na saa ya simu palepale, moja kando ya nyingine. Tofauti hiyo igawe taratibu kwenye muda wote tangu kilipowashwa, usiisukume yote mwishoni.

Na kama betri ilikufa kabisa, vinasa vingine hurudi mwaka wa kiwandani, mara nyingi 2000 au 1970. Ukiona rekodi za miaka hiyo usizifute mbio. Kama unajua dakika kilipowashwa upya, zinarekebishika.

Panga, ondoa marudio

Panga mistari kwa wakati. Kama hukufuta kumbukumbu ya kinasa baada ya kupakua, faili la mwezi wa pili litakuwa limebeba na mwezi wa kwanza. Mistari yenye wakati mmoja na thamani moja, bakisha mmoja. Mistari yenye wakati mmoja na thamani mbili tofauti ni onyo: ama umechanganya mafaili ya vinasa viwili, ama saa ilirudishwa nyuma. Hapo simama utafute sababu. Kuchukua wastani wa hizo mbili ni kutengeneza kina ambacho hakikuwahi kuwapo.

Toa rekodi mbovu ndipo utafute mapengo

Utaratibu huu watu huugeuza. Mafaili mengi hayaruki mstari pale data inapokosekana. Huandika namba ya kuonyesha ukosefu. Faili la Hawaii huandika -32767 (thamani zake halisi ni milimita), vinasa vingine huandika -9999, vingine huacha kisanduku kitupu. Tarehe zinafuatana vizuri kabisa, na ukitafuta pengo kwa saa peke yake hutaliona. Ziondoe rekodi hizo kwanza, na pengo litajitokeza lenyewe.

Kuna ubovu mwingine unaojificha zaidi. Kinasa cha shinikizo kilichotolewa majini kinaendelea kuandika: kinapima hewa. Kwa kinasa kinachosoma shinikizo lote (la maji na la hewa kwa pamoja), usomaji hushuka hadi karibu na kilopaskali 101 na kubaki hapo. Ondoa kuanzia rekodi ya mwisho kabla ya kukivuta hadi nusu saa baada ya kukirudisha, ili kipate kulingana na joto la maji.

Kingine ni kinasa kilichokwama. Baharini, kina kilekile hadi milimita kwa saa nzima hakiwezekani. Hata siku ya maji mafu, maji yakiwa yamesimama kileleni, kuna badiliko la sentimita moja au zaidi. Kisimani inawezekana usiku, kama hakuna anayevuta maji, kwa hiyo usihamishe kanuni ya bahari kwenda kisimani.

Walio Malindi waongeze uchunguzi mmoja. Mto Sabaki ukifurika huleta matope mengi hadi ghubani, na tundu la kinasa likizibwa na matope, maji hupanda na kushuka nje huku kinasa kikifuata kwa kuchelewa na kwa urefu uliopungua. Hakuna pengo wala namba ya ajabu. Linganisha tofauti ya kujaa na kupwa kwa kila siku na jedwali la maji la bandari. Ikipungua wakati jedwali linasema bamvua linakuja, toa siku hizo.

Pima hatua kati ya rekodi

Kwenye lahajedwali, wakati uwe safu A na kina safu B, kuanzia mstari wa 2. Katika C3 andika:

=ROUND((A3-A2)*1440,1)

Hiyo ni idadi ya dakika tangu rekodi iliyotangulia. Kuzidisha kwa 1440 ni kwa sababu lahajedwali huhesabu wakati kwa siku. Vuta fomula hadi chini, kisha hesabu kila hatua imetokea mara ngapi. Faili zuri la dakika 10 litakuwa na 10 mara elfu nyingi, 20 na 30 mara chache, halafu namba kubwa moja moja: 1,450, 23,040. Ukiona hatua hasi au sifuri, rudi kwenye saa na marudio. Ukiona 10 nyingi na 15 nyingi, mtu alibadilisha mpangilio wa kinasa katikati. Hapo lazima ukate hata bila pengo, kwa sababu mistari 150 ni saa 25 kwa hatua ya dakika 10 lakini ni saa 37 na nusu kwa hatua ya dakika 15.

Kikomo: pengo la ukubwa gani linakata?

Swali hili halijibiwi na programu. Linajibiwa na kitu unachokipima: kinaweza kubadilika kiasi gani wakati hukitazami?

Anza na bahari. Chukua bamvua lenye mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Ukiunganisha kingo za pengo kwa mstari ulionyooka, kosa kubwa kabisa ni hili:

dakika 20: nusu sentimita
dakika 30: sentimita 1.2
saa 1: karibu sentimita 5
saa 2: karibu sentimita 19
saa 3: sentimita 41

Kosa hilo hutokea pale maji yanapogeuka, kileleni na chini kabisa, yaani katika namba zilezile zinazotafutwa na mtu wa jeti na nahodha wa jahazi. Mstari ulionyooka hukata kilele. Ukikubali kosa la sentimita moja hivi, kikomo ni dakika 30. Kiandike 35, kisiwe 30 kamili: hatua za rekodi ni 10, 20, 30, 40, na kikomo kikikaa katikati ya mbili, mabaki madogo ya desimali hayatakata pengo moja na kuacha jingine linalofanana nalo.

Kisima ni habari nyingine kabisa. Maji ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na pampu ikiwashwa kina cha kisima kinachovutwa hushuka ndani ya dakika chache. Pengo la dakika 20 linaweza kumeza pampu kuwashwa. Kwa kisima chenye pampu weka kikomo dakika 15, maana yake rekodi moja tu ikikosekana, kata.

Kama kinasa chako kinasoma shinikizo lote, unahitaji pia kipimahewa cha kutoa uzito wa hewa, na hicho kinavumilia zaidi. Karibu na ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, taratibu, likifika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na tofauti nzima ni hektopaskali 2 au 3. Hektopaskali moja ni karibu sentimita moja ya maji. Hapo pengo la saa 3 ukiliziba kwa mstari halikugharimu hata nusu sentimita, basi kikomo cha dakika 185 kinafaa.

Vitu vitatu, vikomo vitatu, ndani ya kazi moja. Anayetumia kimoja kwa vyote atakata hewa bila sababu au ataziba kisima kwa uongo.

Kukata kwenyewe

Safu D ni namba ya kipande. D2 andika 1. Safu E ni ya alama za huduma: weka 1 kwenye rekodi ya kwanza nzuri baada ya kila mara kinasa kilipoguswa. Katika D3:

=IF(OR(C3>35,E3=1),D2+1,D2)

Kwa wanaotumia Python na pandas, ikiwa majina ya safu ni wakati, kina na huduma:

import pandas as pd
d = pd.read_csv("jeti.csv", parse_dates=["wakati"], na_values=[-9999, -32767])
d = d.dropna(subset=["kina"]).sort_values("wakati").drop_duplicates()
print(d["wakati"].duplicated().sum())
d["hatua"] = d["wakati"].diff()
print(d["hatua"].value_counts().head(15))
kikomo = pd.Timedelta(minutes=35)
d["kipande"] = ((d["hatua"] > kikomo) | (d["huduma"] == 1)).cumsum() + 1

Chapisho la kwanza lazima liwe 0. Likiwa zaidi, kuna wakati mmoja wenye thamani mbili, na usiendelee.

Alama za huduma zina uzito uleule wa mapengo ya saa. Kinasa kikitolewa na kurudishwa ndani ya dakika 20, na ukasahau kuondoa rekodi zake za hewani, kikomo cha 35 hakikioni, lakini kamba ikifungwa upya sentimita 8 juu zaidi, kila kina kinachofuata kimepungua sentimita 8. Ndiyo maana kila kwenda kisimani lazima upime kwa utepe kutoka mdomo wa kisima hadi usoni pa maji, kabla ya kukitoa na baada ya kukirudisha. Kwa vipimo hivyo kila kipande utakirekebisha peke yake. Mpaka hapo, wastani wa vipande viwili haujaruhusiwa. Na angalia: ukiweka alama ya 1 kwenye mstari ambao baadaye utaufuta kwa kuwa ni mbovu, alama itapotea nao na vipande viwili vitaungana kimya.

Matokeo yakija na vipande karibu sawa na idadi ya mistari, kinasa kiliandika kwa hatua kubwa kuliko kikomo chako, mathalan kila saa, na kila rekodi imekuwa kipande. Data za Hawaii za kila saa zitakufanyia hivyo ukisahau. Zipe kikomo cha dakika 90. Likija kipande kimoja tu kwa mwaka mzima, kwa uwezekano mkubwa rekodi zenye namba ya ukosefu bado zimo.

Vipande vifupi

Usivifute. Viandike "kifupi" na uamue kwa kila kazi. Kutazama kujaa na kupwa kwa siku moja, saa 25 zinatosha. Wastani unaosogea wa saa 25, unaoondoa kupwa na kujaa ili ubaki na kina cha wastani, hula saa 12 na nusu kila upande wa kipande, kwa hiyo kipande cha saa 30 kitakubakizia saa 5. Pengo moja la saa moja katikati ya mwezi linagharimu siku nzima ya matokeo, na hilo ni sawa. Ukiruhusu hesabu ivuke pengo, utaona mwinuko wa sentimita kadhaa ambao bahari haikuufanya.

Kutenganisha nguvu ya mwezi (saa 12 na dakika 25) na ya jua (saa 12) kunahitaji kipande cha siku 14.77, kwa maneno mengine bamvua moja hadi bamvua linalofuata. Siku 29 ni bora zaidi. Kuna njia ya kulinganisha data na mikunjo ya mwezi na jua kwa kutafuta jumla ndogo kabisa ya makosa yaliyopigwa kipeo cha pili. Hiyo hupokea vipande vyote pamoja hata vikiwa na mapengo kati yake, mradi sifuri ya kina (mahali kina kinapoanzia kuhesabiwa) ni moja kwa vyote. Hapo ndipo vile vipimo vya utepe vinapolipa.

Hesabu ndani ya kipande

Katika pandas kila kitu kipitie groupby("kipande"): tofauti, wastani unaosogea, kasi ya kupanda. Kwenye lahajedwali, fomula ya tofauti iwe =IF(D3=D2,B3-B2,""). Kwa grafu, ingiza mstari mtupu kati ya vipande ili mchoro ukatike, na hakikisha mpangilio wa grafu umewekwa uache nafasi kwenye visanduku vitupu. Msomaji aone pengo kwa macho yake.

Tengeneza jedwali dogo: namba ya kipande, mwanzo, mwisho, idadi ya rekodi, idadi inayotarajiwa, sababu ya pengo linalofuata. Idadi inayotarajiwa ni muda wa kipande kwa dakika ukigawa kwa 10, ongeza 1. Kipande cha kuanzia 06:00 hadi 18:00 siku hiyohiyo kitarajiwe rekodi 73. Ukikuta 71, kuna mbili zilizorukwa chini ya kikomo, na uziandike. Jumla ya rekodi za vipande vyote ilingane na faili lililosafishwa. Sababu ya pengo iandikwe siku ileile: "betri", "kumbukumbu imejaa", "kimetolewa". Mapengo yanayojirudia kila baada ya siku 145 hivi si bahati mbaya. Ni kinasa chenye nafasi ya rekodi 21,000 kikiandika 144 kwa siku, na ziara zako zipangwe kabla ya hapo.

Ukilinganisha kisima na bahari ili kujua chumvi inasukumwa wakati gani, kata kila upande peke yake, unganisha majedwali mawili kwa wakati, ondoa mistari inayokosa upande mmoja, kisha hesabu hatua na vipande upya kwenye jedwali lililoungana, kwa kikomo kilicho kidogo kati ya viwili. Bahari ikiwa na kipande cha tarehe 1 hadi 20 Juni, na kisima tarehe 5 hadi 28, kipande cha pamoja ni tarehe 5 hadi 20. Kama kinasa kimoja huandika dakika 00, 10, 20 na kingine 03, 13, 23, sogeza cha bahari kwenye dakika za kisima kwa mstari kati ya rekodi mbili jirani, kabla ya kuunganisha, na kamwe isiwe kati ya rekodi ya mwisho ya kipande kimoja na ya kwanza ya kingine.